Kupanda Milima ya Upare na Kurudi Siku Hiyo Hiyo



Kuna watu wananiuliza, hivi wewe na mamsapu mnapanda milima kila Jumamosi kutafuta nini, mmepotelewa na mbuzi? Swali la haki kabisa, maana hata majirani hapa mtaani walituuliza hivyo hivyo miezi ya kwanza. Huku mtu akipanda mlima basi ana shamba huko, au ana msiba, au anakwenda kumwona mama yake. Kupanda ili ushuke tu, hiyo haieleweki haraka. Hata mimi ilinichukua muda.

Sisi ni wa kuja. Mwenzangu ni mwalimu, alipata uhamisho kutoka Dar, mimi nikamfuata kwa sababu kibarua changu kilikuwa kimeota nyasi. Same wengi mnaijua kupitia dirisha la basi: mnaelekea Moshi au Arusha, gari linasimama kidogo, upepo, vumbi, jua, mnaendelea. Wiki za mwanzo nilishinda ndani nimenuna. Yeye akirudi kazini ananikuta palepale, na uso uleule. Jioni moja akaniambia, "Mume wangu, Jumamosi tunatoka. Tukiendelea kukaa hivi tutakosana bure." Hakuwa anatania sana.

Basi tukaanza, na makosa tuliyafanya yote. Naandika haya ili wewe unayefikiria kuja huku na mwenzako usiyarudie.

Kwanza uelewe mlima wenyewe. Upepo wenye mvua unatoka Bahari ya Hindi. Ukiikuta milima unalazimika kupanda, unapoa, unaimwaga mvua juu na upande wa mashariki. Ukishafika upande wa magharibi hauna kitu tena. Ndiyo maana chini kwetu ni miiba na vumbi, mjini tuko chini ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, halafu ukiinua macho unaona migomba na mawingu. Joto nalo linapungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1000 unazopanda. Kwa hiyo unaondoka nyumbani na fulana ukitokwa jasho, saa nane mchana uko ndani ya ukungu unatetemeka. Sweta si anasa, hata kama mjini watu wanakucheka.

Pili ni hesabu ya muda. Kuna kanuni ya zamani ya Mskoti mmoja, William Naismith, aliyeitoa mwaka 1892: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za kutembea, kisha ongeza saa nyingine moja kwa kila mita 600 unazopanda. Watu wa pale walikuwa na miguu mizuri sana nadhani, maana sisi tunaongeza tena nusu yake, na bado tunachelewa. Sasa chukua kilele cha Shengena, ndicho kirefu kuliko vyote Upare, mita 2463. Kutoka mjini ni zaidi ya mita 1500 kwenda juu, yaani saa mbili na nusu za nyongeza, kabla hujahesabu umbali wenyewe, ambao si mdogo. Na huku jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, hatuna jioni ndefu kama Ulaya. Kwa hiyo Shengena si safari ya kwenda na kurudi kutoka mjini. Ukiitaka, lala juu, Mbaga au Chome.

Lakini kilichotuponza sisi hakikuwa mlima, kilikuwa magari.

Gari za milimani zimepangwa kwa ajili ya watu wa milimani, na ni haki yao. Wanashuka alfajiri kuleta ndizi, kwenda hospitali, kwenda benki. Mchana gari linajaza Same na kupanda kuwarudisha. Wewe wa mjini unataka kinyume chake: kupanda asubuhi na kushuka jioni. Asubuhi gari zinashuka, jioni zinapanda, na wewe umesimama barabarani unazipungia mkono zikienda usikokwenda! Hilo hakuna aliyetuambia. Kila tuliyemuuliza "gari zipo?" alijibu "zipo", na zilikuwepo kweli.

Siku hiyo ilikuwa Novemba. Tulichukua bodaboda mpaka Mwembe, tukaanza kupanda njia za upande wa kwenda Mbaga. Mimi nilikuwa mbele. Ndiyo tabia yangu, nikishaona kilima naona kama nimetukanwa. Nikifika juu namsubiri, akifika tu akitweta mimi nimeshapumzika, naondoka tena. Yeye hapati hata dakika ya kunywa maji. Aliniambia mara mbili. Sikusikia.

Saa nane ukungu ukashuka. Ukungu wa Upare hauji polepole, ni kama mtu kafunga pazia. Kulikuwa na njia panda, moja inapanda, nyingine inaingia mashambani, mimi nilikuwa nimeshaipita. Niligeuka baada ya muda nikaona sina mtu nyuma. Nikaita, kimya. Simu haina mtandao. Nikarudi kwa kukimbia, kumbe nimeshika njia nyingine ya shamba, zote zinafanana. Karibu saa nzima, wadau. Nilipita kwenye migomba nikipiga kelele kama mwendawazimu, na jambo moja tu kichwani, kwamba aliniambia mara mbili.

Aliyeniokoa ni kijana mmoja anachunga mbuzi. Akaniuliza, "Shikamoo, unamtafuta mama aliyekaa pale njia panda?" Alikuwa amekaa. Alipoona njia mbili na hanioni, akakaa chini, akavaa kanga begani, akasubiri. Ndicho kitu sahihi cha kufanya: aliyebaki nyuma asihangaike, anayetafuta ndiye arudi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kuanzia leo mimi ndiye wa mbele." Tulishuka gizani, Mwembe tulifika saa mbili usiku, tukapata bodaboda kwa bei aliyoitaka mwenyewe.

Tangu siku hiyo kanuni zetu ni chache. Anayetangulia ni mwenye mwendo mdogo, na mapumziko yanaanza kuhesabiwa yeye akishakaa. Kwenye njia panda hakuna anayepita bila mwingine kufika. Saa saba tunageuka, tuwe tumefika au hatujafika. Na gari tumeipindua: asubuhi tunalipa bodaboda atupandishe, tunashuka kwa miguu kuelekea kwenye barabara yenye magari mengi. Magoti yanalalamika, ila hulali njiani. Kabla ya yote muulize dereva "saa ngapi gari linashuka", usimuulize kama lipo.

Kwa anayeanza kabisa, fuata mifereji. Wapare ni mafundi wa maji tangu enzi za mababu. Wanayachukua maji ya kijito, wanayapitisha ubavuni mwa mlima, usiku yanajaa kwenye bwawa dogo wanaloliita ndiva, asubuhi yanafunguliwa na watu wanamwagilia kwa zamu. Kwa kuwa maji yanatakiwa yatiririke taratibu, njia ya kando ya mfereji inakuwa karibu tambarare, hata kama mlima wenyewe ni ukuta. Tulitembea hivyo miezi miwili kabla ya kujaribu vilima vya maana. Ila usikanyage kingo, usinawe miguu humo. Hayo ni maji ya mtu, na zamu yake huenda ni ya wiki nzima.

Msitu una wenyewe pia. Shengena iko ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome, chini ya TFS, unachukua kibali na mwongozo kwanza. Mle kuna ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho ambaye dunia nzima anapatikana Upare Kusini tu, kwa hiyo ukimwona piga picha utambe. Halafu kuna misitu midogo ya koo, sehemu za matambiko. Inaonekana kama kichaka kizuri cha kupumzikia. Usiingie. Uliza mzee, ataitikia vizuri sana ukiuliza, na vibaya sana usipouliza. Na upande wa Mkomazi, ambayo tangu 2008 ni hifadhi ya taifa, usitembee kwa miguu peke yako hata ukiona njia inapendeza. Kuna tembo.

Masika, Machi hadi Mei, sisi hatupandi njia za miteremko mikali. Vuli nayo tunaangalia mbingu. Novemba 2009 huko Mamba Miamba, wilaya hii hii, mlima uliporomoka baada ya mvua kubwa na kuua watu zaidi ya 20. Watu waliokuwa nyumbani kwao. Wewe mgeni na viatu vyako vipya huujui udongo ule kuwashinda.

Siku moja tukishuka, mzee mmoja tuliyeongozana naye alitucheka kwa kuona tunatembea kwa raha zetu. Akatukumbusha kuwa mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka milima hii hii kwa miguu hadi Same kupinga kodi ya mbiru ya wakoloni, wakapiga kambi mjini wakagoma kuondoka. Tangu hapo nikiona njia yoyote inayoshuka mjini naitazama kwa jicho jingine.

Jumamosi hii, Mungu akipenda, ni Mbaga. Tunapanda na bodaboda asubuhi, tuyaone mapango ya Mghimbi ambako watu walijificha wasikamatwe na wateka watumwa katika karne ya 19, halafu tunashuka kwa miguu mpaka Kisiwani kudaka gari la Same. Makande yameshalowekwa. Mamsapu yuko mbele, mimi nabeba maji.