Divai Iliyotoka Topeni

Wengi hudhani ya kuwa Ujerumani haina divai ila nyeupe. Sivyo. Katika bonde la mto Ahr, magharibi ya nchi hiyo, mizabibu iitwayo Spätburgunder huota juu ya miteremko ya mawe meusi yahifadhiyo joto la jua. Divai yake ni nyekundu na nyororo. Hufaa bata wa kuoka, nyama ya mawindo, uyoga na jibini laini. Hunywewa ikiwa baridi kidogo, kiasi cha digrii 16. Pilipili kali huiua ladha yake.

Lakini sisi twaona kuwa sifa yake kubwa ni watu wake. Mwaka 1868 wakulima wa Mayschoß, shida zilipowazidi, waliunda chama cha ushirika. Usiku wa 14 Julai 2021 mafuriko yaliua watu zaidi ya 130 bondeni humo. Wakulima wa sehemu nyingine walikuja kusaidia mavuno, na chupa zilizotapakaa matope ziliuzwa vivyo hivyo, bila kuoshwa, ili bonde lijengwe upya.

Basi aiwekaye mezani na akumbuke: mkono mmoja haukuiokoa.