Mfuko unaooza hauui minyoo ya mbwa

Je, huwa unazoa kinyesi cha mbwa wako kwa mfuko ulioandikwa kwamba huoza ukawa mboji? Ni jambo jema, lakini maandishi hayo yasikupumbaze.

Mifuko hiyo hupimwa kwa joto la nyuzi 58 hivi kwa majuma kadhaa. Biwi la nyuma ya nyumba yako mara nyingi halifikii joto hilo. Mwaka wa 2015, tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliwaonya watengenezaji na wauzaji 20 wa mifuko ya aina hii kwamba madai yao huenda yanawapotosha wanunuzi.

Hatari kubwa zaidi imo katika kinyesi chenyewe. Mayai ya minyoo ya mbwa huweza kukaa hai udongoni kwa miaka. Mtoto akiyameza, vijiminyoo huweza kudhuru ini, mapafu na hata macho.

Kwa hivyo, usitie kinyesi hicho katika mboji ya sukuma wiki. Kizike mbali na mboga na kisima, nawa mikono kwa sabuni, na umpe mbwa dawa ya minyoo kama anavyoagiza daktari wa mifugo.