Sakafu Ikiinama, Usikimbilie Saruji

Gololi ya mtoto ndiyo huanza kutoa siri. Huwekwa katikati ya sebule nayo hujiendea yenyewe hadi pembeni, na kila siku ni pembe ile ile. Baadaye mama wa nyumba hugundua kwamba maji ya kupiga deki hayaelekei mlangoni bali hukusanyika chini ya kabati, kwamba mguu mmoja wa meza unasimamia kadibodi iliyokunjwa, na kwamba mlango wa chumba cha kulala hujifungua wenyewe usiku hadi watoto wakaanza kunong'ona kuhusu majini.

Katika nyumba za zamani za Kisumu, jambo hili ni la kawaida kiasi kwamba familia nyingi hulizoea na kuendelea na maisha. Nyingine hufanya kinyume chake. Huchukua akiba iliyokusudiwa karo ya shule, humwita fundi, naye humwaga saruji juu ya sakafu hadi ikawa sawa kama meza. Baada ya misimu miwili ya mvua, gololi huanza safari yake tena.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakukosea. Lakini hawakutuambia tuuzibe kabla ya kujua umetoka wapi.

Chanzo ni udongo na maji

Reli kutoka Mombasa ilifika ufuoni mwa Ziwa Victoria mnamo Desemba 1901, na kituo hicho kikaitwa Port Florence kabla ya jina la Kisumu kushika. Tangu hapo mji umetanda juu ya ardhi isiyofanana. Upande wa vilima vya Riat mwamba uko karibu, na mara nyingi fundi huugonga kwa sururu kabla jasho halijamtoka. Upande wa tambarare za Kano kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaong'ang'ania viatu wakati wa masika. Kando ya ziwa na mito kuna mahali palipokuwa kinamasi, pakajazwa udongo ili pajengwe.

Udongo mweusi una tabia ya sifongo. Ukinyonya maji huvimba na kuinua kilicho juu yake, na ukikauka hunywea. Atakayepita Kano mwezi wa Februari ataona ardhi imepasuka nyufa za kuingiza mkono. Sasa fikiria nyumba iliyojengwa juu yake kwa msingi mfupi. Udongo wa katikati, uliofunikwa na sakafu, hukaa na unyevu wake karibu mwaka mzima. Ule wa pembeni hulowa wakati wa mvua na kukauka wakati wa jua. Kwa hiyo kuta za nje hupanda na kushuka kila mwaka, nayo sakafu hulazimika kufuata.

Ziwa nalo lina mchango wake. Mvua kubwa za miaka ya 1961 hadi 1964 zililipandisha kwa zaidi ya mita 2. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zikalipandisha tena, na mnamo Mei 2020 maji yalifikia kiwango kilichopita hata kile cha 1964. Ziwa likipanda, maji yaliyo chini ya ardhi katika sehemu za karibu kama Dunga hupanda pia, na udongo uliokuwa mgumu hulegea.

Pima kwanza

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, jua sakafu yako imeinama kiasi gani. Kumbuka kwamba sakafu ya veranda na ya bafu huinamishwa makusudi ili maji yatoke. Hizo ziache.

Kwa vyumba vingine, tafuta mpira wa maji mwembamba unaopitisha mwanga, urefu wa mita 10 hivi. Ujaze maji na uhakikishe hakuna mapovu ndani. Mtu mmoja ashike ncha moja kwenye pembe ya chumba, na mwingine ashike ncha ya pili kwenye pembe ya mbali. Maji yakitulia, yatasimama kimo kimoja pande zote mbili. Tieni alama ukutani kwa penseli mahali yalipofika, kisha pimeni kutoka alama hadi sakafuni. Ikiwa upande mmoja ni sentimita 92 na mwingine ni sentimita 96, basi sakafu imeshuka sentimita 4. Kama chumba kina urefu wa mita 4, hiyo ni sentimita 1 kwa kila mita, mteremko ambao hata macho huuona.

Swali la pili ndilo zito zaidi: Je, nyumba bado inatembea, au ilishatulia miaka 30 iliyopita? Chora mstari wa penseli unaokatiza kila ufa, weka alama mahali ufa unapoishia, andika tarehe na upana wake, kisha upime tena kila mwezi. Endelea hadi upite kiangazi kimoja na masika mamoja. Kazi hii yafaa kupewa mwanafunzi wa nyumbani aliye na rula na daftari. Ufa usiobadilika ni kovu la zamani. Unaofunguka kiangazi na kujifunga masika ni wa udongo mweusi. Unaozidi kupanuka pasipo kurudi una chanzo ambacho bado kinafanya kazi.

Tazama pia ufa wenyewe ulivyokaa. Kama kuta ni nzima lakini kuna mwanya kati ya sakafu na ukuta, huenda msingi ni imara na kilichoshuka ni udongo wa kujazia ambao haukushindiliwa vizuri. Kama nyufa zinapanda kimshazari kutoka pembe za madirisha na milango, msingi wenyewe umesogea. Ufa mwembamba kama unywele si wa kutisha. Unaozidi milimita 5 wahitaji mtaalamu autazame.

Tiba ya bei nafuu iko paani

Mara nyingi dawa ya kwanza hupatikana paani. Chukua nyumba yenye paa la mita 10 kwa 8. Mvua moja kubwa ya milimita 50 humwaga juu yake lita 4,000, yaani mapipa 20 ya lita 200. Kama gata ya upande mmoja imetoboka na nusu ya maji hayo yanaangukia pembe moja, basi pembe hiyo hunyweshwa mapipa 10 katika alasiri moja. Si ajabu gololi ikaelekea huko.

Kwa hivyo rekebisha gata, elekeza maji kwenye tangi, na kile kinachozidi kipitishe kwenye mtaro ulio mbali na ukuta. Chunguza kama kuna bomba linalovuja chini ya jikoni au bafu. Inamisha ardhi ya nje ili maji yaikimbie nyumba. Kama kuna mkaratusi karibu na ukuta, jua kwamba unanyonya maji chini ya msingi. Hata hivyo, usiukate kwa pupa ikiwa umeishi na nyumba hiyo miaka mingi, kwani udongo uliozoea kukaushwa utavimba ghafla. Pata ushauri kwanza.

Sakafu ya mbao ina adui mwingine, naye ni mchwa. Inua ubao mmoja, uchome mhimili ulio chini kwa bisibisi. Bisibisi ikizama kama kwenye mkate, mhimili huo hauna kazi tena. Badilisha mbao zilizoliwa, tia dawa, na mhimili ulioshuka uinuliwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kwa sababu ukiinuliwa kwa mkupuo mmoja kuta zitapasuka.

Ikiwa ni udongo wa kujazia ulioshuka na kuta ni nzima, suluhisho la kudumu ni kuvunja sehemu hiyo ya sakafu, kujaza muramu kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ishindiliwe, ndipo zege imwagwe upya.

Sasa tupige hesabu ya ile saruji ya juu. Mita mraba moja ya zege yenye unene wa sentimita 5 ina uzito wa kilo 120 hivi. Chumba cha mita 3 kwa 4 kitabebeshwa karibu kilo 1,440, na sehemu nene zaidi itakuwa pale pale palipokwisha kulegea. Isitoshe, chumba kimoja kikisawazishwa na kingine kikaachwa, huzuka kidaraja mlangoni. Nyanya aliyekwisha kuzoea mteremko kwa miaka 20 aweza kujikwaa kwenye kidaraja hicho usiku wa kwanza.

Kuna pia hekima ya kuacha. Mnara wa Pisa nchini Italia, ulioanza kujengwa mwaka 1173, ulifungiwa wageni mwaka 1990 kwa hofu kwamba ungeanguka. Wahandisi hawakuunyoosha. Walitoa udongo kidogo kidogo chini ya upande ulioinuka, mnara ukarudi nyuma kwa takriban sentimita 45 tu, na mwaka 2001 ukafunguliwa tena. Bado umeinama, lakini umetulia. Nawe, ikiwa vipimo vya mwaka mzima vimeonyesha nyumba imetulia, weka vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda, funga kabati ukutani lisije likaangukia mtoto, na pesa zilizobaki zilipe karo.

Dalili za kuhama

Zipo dalili ambazo hazingojei daftari: ufa unaopanuka kwa siku chache, ukuta unaofura au kuegemea upande, milango kadhaa inayokwama kwa pamoja, na sauti za kukatika usiku. Tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa lilianguka mtaani Huruma, Nairobi, na kuua watu wapatao 50. Lilikuwa tayari limeorodheshwa miongoni mwa majengo ya kubomolewa, lakini watu walikuwa bado wanalipa kodi na kulala humo.

Ukiona dalili hizo, toa watoto na wazee kwanza, maswali yaje baadaye. Mwite mhandisi aliyesajiliwa, na uziarifu afisi za kaunti zinazosimamia majengo. Mpangaji amwandikie mwenye nyumba barua yenye tarehe na abaki na nakala, maana malalamiko ya mdomo husahaulika kabla ya mwisho wa mwezi.

Kwa wengine wetu, kazi ya leo ni ndogo: penseli, rula, na kutazama gata kabla ya mvua za Machi. Hiyo ndiyo njia ya kuziba ufa bila kujenga ukuta.