Je, Wajua? Mchango Unaoisha na Mchango Unaobaki

Je, wajua kwamba mkazi wa kawaida wa Mkolani ni mfadhili, hata kama hajawahi kuitwa hivyo? Kata hii ya wilaya ya Nyamagana ipo kwenye barabara ya Mwanza kwenda Shinyanga, ukishapita Nyegezi na kabla hujafika Buhongwa. Shika simu ya mtu yeyote wa huko, awe muuza dagaa, fundi cherehani, mwalimu au bodaboda, utakuta kundi la WhatsApp la msiba, jingine la harusi, jingine la jumuiya au la msikiti. Kwenye orodha ya michango kila jina lina namba yake, kisha kiasi, kisha alama ya tiki kwa aliyetoa taslimu au neno "ahadi" kwa anayesubiri mwisho wa mwezi. Jina jipya likiongezeka orodha inarushwa upya, na wote wanaiona. Sijui mfumo wa hesabu ulio wazi kuliko huo.

Moyo wa kutoa upo, tena mkubwa. Fedha ya msiba inaingia Jumatatu, inanunua sanduku, inakodi turubai na viti, inalisha waombolezaji, na Alhamisi imekwisha. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu msiba hausubiri. Lakini binti aliyefaulu na kukosa nauli ya kwenda shule ya bweni hafunguliwi kundi. Pampu ya kisima itakayoharibika miaka mitano ijayo haina kamati. Kwa mahitaji ya namna hiyo, yasiyo na kilio wala kigelegele, watu wa sehemu nyingine walibuni mfuko wa kudumu wa jamii.

Mfuko wa kwanza wa aina hiyo kwa sura tunayoijua leo ulianzishwa mwaka 1914 katika jiji la Cleveland, Marekani, na mtu wa benki aliyeitwa Frederick Goff. Kilichomsumbua Goff ni wosia. Matajiri walikuwa wakifa na kuacha fedha kwa shughuli maalumu, kisha miaka ikipita shughuli ile inakufa na fedha zinabaki zimefungwa. Mfano mmoja maarufu ni wa Bryan Mullanphy, aliyewahi kuwa meya wa St. Louis. Alipofariki mwaka 1851 aliacha theluthi ya mali yake iwasaidie wasafiri maskini wanaopita mjini humo kwenda kufanya makazi upande wa magharibi mwa nchi. Reli zikaja, wasafiri wale wakatoweka, fedha zikabaki zikiwasubiri. Goff akapendekeza fedha za watu wengi ziwekwe pamoja, mtaji usiguswe, na kamati ya wenyeji iamue kila mwaka faida iende wapi kulingana na shida za wakati huo.

Hayo ya Cleveland yasitufanye tuone kana kwamba wazo hili ni geni kwetu. Pwani ya Waswahili wakfu una umri mrefu kuliko jiji la Cleveland lenyewe. Mtu anatoa nyumba au shamba la minazi, mali haiuzwi wala hairithiwi, na kodi au mavuno yake hutunza msikiti, kisima, madrasa au wasafiri. Desturi hiyo ilikuwa imeenea kiasi kwamba mwaka 1900 utawala wa Kiingereza nchini Kenya ulitunga sheria ya kuweka makamishna wa wakfu, na Zanzibar ikafuata muda mfupi baadaye. Hadi leo Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Na Usukumani je? Kuna ngitili. Wafugaji hutenga sehemu ya malisho wakati wa mvua, ng'ombe hawaingizwi, nyasi na miti vinakua, na kiangazi kikibana ndipo inafunguliwa. Ngitili nyingi zilikuwa zimepotea Shinyanga hadi mradi wa hifadhi ya ardhi ulioitwa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulipowasaidia wanavijiji kuzirudisha. Zipo za familia, na zipo za kijiji au za shule. Mapato ya zile za pamoja yamewahi kuchangia ujenzi wa madarasa na huduma nyingine za kijiji. Anayetaka kumweleza mzee wa Kisukuma maana ya mtaji usioguswa hana haja ya kitabu cha fedha. Amwambie ni ngitili ya shilingi, mzee atamaliza maelezo mwenyewe.

Je, wajua kwamba mwezi Agosti 1946, jijini Dar es Salaam, Aga Khan wa tatu alipimwa kwa almasi? Waismailia walikuwa wakisherehekea miaka 60 ya uimamu wake. Fahari ya siku ile ndiyo inayokumbukwa zaidi, lakini ninachokipenda mimi ni kilichofuata: thamani ya zawadi ile ilirudishwa kwa jamii kama mtaji, na shirika la uwekezaji lililozaliwa na jubilei hiyo ndilo chimbuko la Diamond Trust Bank. Sherehe ilikwisha siku ile ile. Mtaji haujaisha mpaka leo.

Jirani zetu wa Kenya wamefika mbali zaidi katika jambo hili. Kenya Community Development Foundation, inayojulikana kwa kifupi KCDF, ilianza mwaka 1997 jijini Nairobi, na waanzilishi wake walitaka kuondokana na mazoea ya kusubiri mfadhili wa nje ambaye mradi wake una tarehe ya mwisho. KCDF hupokea fedha za watu binafsi, familia, kampuni na vikundi, huwekeza sehemu ya fedha hizo, na hutoa ruzuku kwa vikundi vya wananchi. Kikundi hakipewi tu. Kinaulizwa kwanza: ninyi wenyewe mmekusanya kiasi gani? Tanzania nayo imeonja: Kinondoni, Morogoro na Arusha ziliwahi kuunda mifuko ya jamii ya ngazi ya manispaa.

Utaratibu wa kumwongezea aliyekwisha kujichangia tunaufahamu sana, na una jina tamu: tele kwa tele. Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoanza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996, kila shilingi iliyotolewa na kaya iliongezewa nyingine na Serikali. Na kabla ya hapo na baada ya hapo kulikuwa na nguvu za wananchi: mawe, mchanga, maji na vibarua vya bure, kisha halmashauri inaleta bati na saruji. Shule nyingi za sekondari za kata zilizojengwa kuanzia mwaka 2004 zina mawe yaliyosombwa vichwani na akina mama wa mtaa. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, michango ya lazima shuleni ilipigwa marufuku, na kwa haki kabisa, maana watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya fedha. Mchango wa hiari haukukatazwa, ila wazazi wengi walielewa kwamba kuchangia shule kumekwisha. Pengo hilo la hiari ndilo ambalo mfuko wa kudumu wa jamii unaweza kulijaza vizuri kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu haumdai mzazi hata mmoja mlangoni mwa darasa.

Sasa tufike kwenye jambo gumu, nalo ni uaminifu. Mwanza ina somo la zamani kuhusu hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walichoka kupunjwa na wanunuzi kwenye mizani. Wakajipanga, wakaweka wapimaji wao wenyewe ili kila mkulima ajue uzito halisi wa gunia lake kabla halijauzwa. Kutokana na harakati hizo, zikiongozwa na Paul Bomani, vyama vya msingi vilienea, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions, lililokuja kuhesabiwa miongoni mwa ushirika mkubwa kabisa uliomilikiwa na Waafrika. Bomani baadaye akawa Waziri wa Fedha. Ushirika ule mkubwa ulianzia kwenye mizani ambayo mkulima aliiamini.

Matukio mawili ya karibu yanaonyesha jinsi imani hiyo inavyoweza kushikwa au kuponyoka. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliikumba Kagera. Watanzania walichanga kwa wingi, na wengi waliamini fedha zao zitainua nyumba za waliobomolewa. Serikali ikaeleza kwamba zitakarabati taasisi za umma kama shule na zahanati. Sababu zilikuwepo, kwa maana shule ni ya wote, lakini manung'uniko yalikuwa makubwa kwa kuwa kusudi halikueleweka sawasawa tangu siku ya kwanza ya kukusanya. Miaka miwili baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Rambirambi zikamiminika tena. Baada ya familia kupewa mkono wa pole, fedha zilizobaki zilielekezwa kupanua Kituo cha Afya cha Bwisya, pale pale karibu na mahali maiti zilipopokewa kutoka majini. Mwananchi wa Ukara anayeingia wodini leo anaingia kwenye mchango wa watu ambao hatawajua kamwe. Rambirambi, ambayo kwa kawaida huisha na matanga, ilibaki kama jengo.

Je, wajua pia kwamba sheria inamtambua mfanyabiashara anayetoa? Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa, au kwa mradi wa maendeleo ya jamii, kuondolewa kwenye hesabu kabla ya kodi, ilimradi usizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayetoa mifuko ya saruji kwa mdomo tu, bila barua wala risiti, anapoteza nafuu hiyo. Mfuko uliosajiliwa ungemwandikia risiti.

Tumalizie na sanduku. Kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA kama tunavyoviita, huwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu hukaa kwa wanachama watatu tofauti, na hakuna hata mmoja wao anayekaa na sanduku. Siku ya kikao wote watatu wasipofika, halifunguliwi. Wahesabu fedha huhesabu kwa sauti mbele ya wote, hisa zinagongwa muhuri kwenye kijitabu cha kila mtu, na kando kuna bakuli dogo la mfuko wa jamii: mia tano au buku kwa kila mwanachama kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Mbinu hii ilitoka Niger, ambako shirika la CARE na wanawake wa huko waliianza mwaka 1991, ikafika Tanzania na kuota mizizi kama imezaliwa hapa. Mwisho wa mzunguko kikundi kinavunja, wanachama wanagawana, na bakuli la mfuko wa jamii mara nyingi linagawanywa pamoja na vingine.

Hapo ndipo ningependa tuanzie. Chukua kaya 500 tu za Mkolani, kila moja itoe shilingi 1,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi milioni 6, kwa miaka mitatu milioni 18. Fedha hiyo ikiwekwa kwenye hati fungani za Serikali au mfuko wa uwekezaji wa pamoja na kuleta, tuseme, asilimia 10, kila mwaka kuna shilingi 1,800,000. Sehemu yake lazima irudi kwenye mtaji, la sivyo mfumuko wa bei utautafuna polepole. Inayobaki inatosha nauli, sare na madaftari kwa watoto kadhaa, mwaka huu, mwaka ujao, na mwaka ambao sisi hatutakuwepo. Mfuko unahitaji bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, na watu wanaokubali kubadilishwa kila baada ya kipindi. Hesabu zibandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za mitaa, na sharti moja liandikwe kabla shilingi ya kwanza haijapokelewa: fedha hii ni ya kazi gani.

Kwa hiyo, msomaji uliye kwenye kikundi, Mkolani au popote kando ya Ziwa: siku mtakapokaa kuvunja mzunguko, kabla bakuli halijamwagwa mezani, omba nafasi ya kusema. Pendekeza asilimia 10 ya mfuko wa jamii isigawanywe. Wakikubali vikundi vitano tu katika mtaa mmoja, tayari mna la kuzungumza na mwenyekiti wa mtaa.