Sasa na Zamani katika falsafa ya dini

Mwaka 1969, shirika la Heinemann la mjini London lilichapisha kitabu cha mwanatheolojia wa Kenya, John Mbiti, kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Wakati huo Mbiti alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda.

Hoja yake imejengwa juu ya maneno mawili ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Kwa mujibu wa Mbiti, marehemu hubaki katika Sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Akishasahauliwa, huingia Zamani. Alidai pia kwamba fikra za jadi za Kiafrika hazina wakati ujao wa mbali.

Dai hilo ni zito. Asiyewaza wakati ujao wa mbali atayaelewaje mafundisho ya Kiyama?

Mwaka 1987, mwanafalsafa wa Ghana, Kwame Gyekye, alimpinga kwa ushahidi wa lugha na fikra za Waakan.

Hapo ndipo mwanafunzi anapoingia. Falsafa ya dini haimtaki aiache imani yake, kwani Mbiti mwenyewe, aliyefariki mwaka 2019, alikuwa kasisi wa Kianglikana. Inamtaka apime sababu za kila upande.