Kupuuza kiwango cha msingi katika vipimo vya tiba

Kupuuza kiwango cha msingi ni kosa la kukadiria uwezekano ambalo hutokea pale mtu anaposoma majibu ya kipimo kwa kuangalia ubora wa kipimo peke yake, bila kuzingatia kama ugonjwa wenyewe ni wa kawaida au ni nadra. Kiwango cha msingi ni sehemu ya watu wenye ugonjwa katika kundi linalopimwa, kabla ya yeyote kupimwa. Kosa hili huwapata hata madaktari wenye uzoefu, na linaweza kusababisha mtu mwenye afya kuambiwa kuwa ni mgonjwa.

Mfano

Tuseme ugonjwa fulani humpata mtu 1 kati ya 1,000. Kipimo chake hugundua wagonjwa wote, lakini hutoa majibu chanya ya uongo kwa asilimia 5 ya watu wazima wa afya. Mtu aliyechaguliwa bila dalili yoyote amepata majibu chanya. Je, kuna uwezekano gani kwamba ni mgonjwa kweli?

Wengi hujibu asilimia 95. Jibu sahihi ni karibu asilimia 2. Kati ya watu 1,000, mgonjwa ni 1, naye atapata majibu chanya. Waliobaki 999 hawana ugonjwa, lakini asilimia 5 yao, yaani watu wapatao 50, watapata pia majibu chanya. Hivyo kati ya watu 51 wenye majibu chanya, mgonjwa ni mmoja tu.

Utafiti

Mwaka 1978 swali hilo liliulizwa kwa madaktari na wanafunzi 60 wa hospitali za Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani. Ni 11 tu waliotoa jibu sahihi. Jibu lililotolewa na wengi zaidi lilikuwa asilimia 95. Utafiti kama huo uliochapishwa mwaka 2014 uliwahusu watu 61, na waliopata walikuwa 14.

Mwaka 1982 David Eddy alionyesha kosa hilohilo katika eksirei ya matiti inayotumika kutafuta saratani. Katika mfano wake, uwezekano wa mwanamke mwenye majibu chanya kuwa na saratani ulikuwa karibu asilimia 8, lakini madaktari wengi walikadiria asilimia 75.

Sababu

Chanzo kikuu ni kuchanganya maswali mawili yanayofanana. Swali la kwanza ni: mgonjwa ana uwezekano gani wa kupata majibu chanya? La pili ni: mwenye majibu chanya ana uwezekano gani wa kuwa mgonjwa? Kanuni inayounganisha maswali hayo inatokana na kazi ya Thomas Bayes wa Uingereza, iliyochapishwa mwaka 1763 baada ya kifo chake.

Namna ya kuepuka kosa

Njia rahisi ni kuhesabu watu badala ya kutumia asilimia, kama ilivyofanyika katika mfano wa hapo juu. Katika utafiti wa Ulrich Hoffrage na Gerd Gigerenzer nchini Ujerumani, uliochapishwa mwaka 1998, madaktari walipopewa asilimia walijibu sawasawa mara 10 kati ya 100. Walipopewa hesabu ya watu walifikia 46.

Njia nyingine ni kurudia kipimo kwa kutumia kipimo cha aina tofauti. Wale watu 51 wakipimwa tena kwa kipimo chenye ubora uleule, wazima watakaobaki na majibu chanya ni wawili au watatu tu. Ndiyo sababu majibu ya kwanza ya VVU hayatoshi kumthibitisha mtu. Kadiri watu wenye virusi ambao bado hawajatambuliwa wanavyopungua, ndivyo sehemu ya majibu ya uongo inavyoongezeka. Kwa hiyo mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nchi zote zitumie vipimo vitatu mfululizo vyenye majibu chanya kabla ya kuthibitisha maambukizi.

Hii haimaanishi kwamba vipimo havina maana. Mtu mwenye dalili, au aliyekaa karibu na mgonjwa, ana kiwango cha msingi kilicho juu zaidi, na kwake majibu chanya yana uzito mkubwa zaidi.