RAV4 shambani: wenye nayo wanasemaje?
Vijana wengi mnaniuliza kama pesa ya msimu iende kwenye RAV4 ya mtumba. Wakulima ninaowatembelea wenye zile za 2000–2005 wanazisifu: ziko juu kuliko Corolla, spea hazisumbui, na ukikunja viti vya nyuma mifuko ya mbolea inaingia.

Ila kagueni injini kabla ya kulipa. Za Japani zenye 1.8 huzungusha matairi ya mbele tu, za 2.0 huzungusha yote manne. Masika utaona tofauti.

Tena haina chasisi ya peke yake kama Hilux. Ukiibebesha matenga ya nyanya kila wiki, springi na shokapu zitakula faida yote. Mzigo kodi Canter.

Na kama bado huna pampu ya maji, anza na pampu.